Mvua Moja Haitoshi

 Uwe Kitui mjini, Mwingi au Mutomo, au ng'ambo ya Athi huko Wote, Kibwezi na Mtito Andei, leo nataka tushike jambo moja ambalo limeanza kusikika sana. Utalisikia kwenye mahubiri, utalisoma kwenye vikundi vya WhatsApp, na siku ya soko utalikuta limebandikwa kwenye hema la muuza dawa. Linasema hivi: wanasayansi wa kwanta wamethibitisha kwamba chini ya ulimwengu tunaouona kuna uga wa taarifa uliojificha, kila kitu kimehifadhiwa humo, na kila kitu kinawasiliana na kingine papo hapo bila kujali umbali.

Sehemu ya kauli hiyo ni swali halali, tena limewakosesha usingizi watu wazito kwa karibu miaka 100. Sehemu iliyobaki ni chumvi. Taabu ni kwamba vitu hivi viwili huuzwa vikiwa vimefungwa pamoja, na mnunuzi hapewi nafasi ya kufungua. Sisi tuvifungue. Mbele kidogo kutakuwa na hesabu, isiyozidi ile ya shule ya msingi. Ukiwa na karatasi na kalamu, weka karibu.

Nianze na mito yetu. Mgeni akifika Nzeeu kule Kitui, au Kaiti kule Makueni, mwezi wa Agosti, haoni mto. Anaona mchanga umelala kati ya kingo mbili na punda wamesimama juani. Atasema hapa hakuna maji. Mwenyeji hata habishani naye. Anapiga magoti, anachimba, na maji yanaanza kujikusanya chini ya shimo. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanavijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga kwa ujuzi huu huu. Unajenga ukuta mtoni juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katika nafasi zilizo kati ya punje, pengine robo ya ujazo wote au zaidi, mahali ambapo jua haliyafikii. Ndiyo maana Makueni walitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015: lori likiondoka na mchanga limeondoka na kisima. Mtu wa huku hahitaji profesa wa kumfundisha kwamba kitu kinaweza kuwapo bila kuonekana.

Sasa tazama jambo la pili, ambalo ndilo ninalolitaka hasa. Mito hii miwili haipeani maji. Nzeeu unaelekea Tiva. Kaiti unaelekea Thwake, na Thwake unaingia Athi. Lakini mvua ya Novemba ikija vizuri, visima vya mchangani vya Nzeeu hupanda, na juma hilo hilo vya Kaiti navyo hupanda. Hakuna anayesema visima hivi vinapigiana simu. Mvua moja imenyesha pande zote mbili. Vitu viwili vilivyo mbalimbali vinaweza kwenda sambamba kwa kuwa vilipata chanzo kimoja huko nyuma, na kila kimoja kikabeba fungu lake. Lishike hilo, kwa maana Albert Einstein alilishika mpaka akafa nalo mwaka 1955.

Kilichomsumbua Einstein ni hiki. Fizikia ya kwanta, ambayo mihimili yake ilisimamishwa kati ya 1925 na 1927, haina mpinzani katika kueleza vitu vidogo kama elektroni na zile chembe za mwanga ziitwazo fotoni. Simu iliyo mfukoni mwako na paneli ya sola iliyo juu ya paa lako zinafanya kazi kwa sheria zake. Ila nadharia hiyo haikuambii chembe moja itafanya nini. Inakupa uwezekano tu: nusu kwa nusu, au robo kwa robo tatu. Tena inasema chembe mbili zilizozaliwa pamoja zinaweza kufungamana, hata ukizipima zikiwa zimeachana mbali, majibu yao yanaoana. Mwaka 1935 Einstein na wenzake wawili, Boris Podolsky na Nathan Rosen, waliandika kwamba ikiwa mambo ni hivyo, basi nadharia haijakamilika. Majibu lazima yalikuwamo ndani ya chembe tangu zilipoachana, ila nadharia haiyaoni. Mvua moja, mito miwili. Niels Bohr wa Denmark akamkatalia. Kwa karibu miaka 30 ugomvi wao ulihesabiwa kuwa suala la ladha ya mtu, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuupeleka maabara.

Wako waliojaribu kuchora hicho kilichofichika. Louis de Broglie, Mfaransa, alisimama Brussels mwaka 1927 akasema kila chembe inaongozwa na wimbi. Akapingwa vikali, hasa na Wolfgang Pauli, akakata tamaa. Mwaka 1932 John von Neumann, bingwa wa hisabati, akatoa uthibitisho kwamba haiwezekani kabisa kuweka kitu kilichofichika chini ya kwanta, na kwa kuwa aliyesema ni von Neumann, watu wakafunga daftari. Miaka 3 baadaye mwanamke Mjerumani, Grete Hermann, alionyesha mahali uthibitisho ule ulipovuja. Hakusikilizwa. Namtaja kwa makusudi, kwani kwenye vitabu vingi vya shule humkuti.

Aliyeuvunja ukimya ni David Bohm. Huyu alikuwa Mmarekani aliyefundisha Princeton. Mwaka 1949 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akakataa kuijibu, akakamatwa mwaka uliofuata. Mahakama ilimwachilia, lakini chuo hakikumrudisha kazini, naye akaenda kufundisha São Paulo, Brazil. Ni akiwa huko, mwaka 1952, makala zake mbili zilipotoka, na ndani yake lile lisilowezekana lilikuwa limefanyika. Katika picha ya Bohm elektroni ni chembe kweli, ina mahali pake kila wakati, na kuna uga unaoiongoza njia. Uga wenyewe una tabia ngeni. Uga wa sumaku ukidhoofika, mvuto wake unadhoofika. Huu wa Bohm unaweza kuwa hafifu sana na bado ukaiongoza chembe vile vile, kwa sababu kinachofanya kazi ni umbo la wimbi wala si ukubwa wake. Baadaye, akiwa London, yeye na mwenzake Basil Hiley waliuita taarifa tendaji. Alipenda kutoa mfano wa meli inayoongozwa na rada: nguvu ya kuisukuma meli ni ya injini, na mawimbi ya rada ni dhaifu mno kuisogeza hata inchi moja, lakini umbo la mawimbi hayo limebeba habari za mwamba na za njia, na injini inatii.

Kwa hiyo, msikilizaji, uga wa taarifa si ndoto ya wauza dawa. Una baba yake na una hesabu zake, na hesabu hizo zinatoa majibu yale yale ambayo fizikia ya kwanta ya kawaida inayatoa. Lakini una bei, na Bohm aliijua. Kwa chembe mbili, wimbi linaloziongoza haliishi katika nafasi hii yetu yenye urefu, upana na kina. Linahitaji vipimo 6. Chembe 10 zinahitaji vipimo 30. Huwezi kulionyesha kidole ukasema uga ule pale, umetanda juu ya kilima cha Nzambani. Tena ukiigusa chembe moja, njia ya nyenzake inabadilika saa hiyo hiyo, hata ikiwa upande wa pili wa dunia. Einstein, ambaye ungedhani angeshangilia, aliona ni njia ya bei rahisi mno.

Hapo ndipo anapoingia John Bell, kijana wa Belfast aliyezaliwa mwaka 1928 katika familia isiyo na kitu. Tangu 1960 alifanya kazi CERN, kile kituo kikubwa cha utafiti kilichoko Meyrin karibu na Geneva. Alichoajiriwa kukifanya kilikuwa kingine. Kwanta aliifikiria kwa muda wake mwenyewe. Alimsoma Bohm akavutiwa, kisha akajiuliza: hili doa la kuathiriana papo hapo, je, ni udhaifu wa Bohm peke yake, au yeyote atakayechimba atalikuta? Jibu lake lilitoka mwaka 1964 katika jarida dogo ambalo halikudumu. Alilichagua kwa kuwa halikutoza waandishi pesa, naye alikuwa mgeni wa watu huko Marekani, akaona haya kuwaomba wenyeji wamlipie.

Sasa kalamu. Nitalieleza jambo la Bell kwa mchezo, na mchezo tutauchezea hapa nyumbani.

Weka mtambo mpakani, kandokando ya Mto Athi. Kila ukibonyezwa unatoa fotoni mbili zilizofungamana. Moja inakwenda Kitui mjini, ambako dada mmoja anaingoja; nyingine inakwenda Wote, anakoingoja kaka mmoja. Kati ya miji hii miwili, kwa mstari ulionyooka, kuna kama kilomita 60. Kila mmoja ana kioo cha kuchuja mwanga, cha aina ile inayotumika kwenye miwani ya kuzuia mng'ao. Kioo kinaweza kusimama wima, kulala nyuzi 60, au kulala nyuzi 120. Hayo ni maswali matatu ambayo kila mmoja anaweza kuiuliza fotoni yake. Tuyaite la kwanza, la pili na la tatu. Fotoni ikipenya tunaandika ndiyo. Ikizuiwa tunaandika la. Dada anachagua swali lake dakika ya mwisho bila kumwambia mtu, na kaka vivyo hivyo. Wanacheza siku nzima, halafu jioni wanakutana kulinganisha madaftari.

Jambo la kwanza wanaloliona: kila walipouliza swali lile lile, majibu yalikuwa sawa. Ndiyo kwa ndiyo, la kwa la, bila kukosea. Hili halitushtui. Tunasema fotoni zilipoachana pale Athi kila moja ilibeba kikaratasi kimoja cha majibu, kwa mfano ndiyo, ndiyo, la. Mvua moja.

Sasa angalia zile mara ambazo walichagua maswali tofauti. Kikaratasi kina majibu 3, na kila jibu ni ndiyo au la. Andika lolote utakalo. Utakuta kwamba majibu 2, angalau, yanafanana, kwani huwezi kuwa na majibu 3 yote tofauti wakati aina za majibu ni 2 tu. Jozi za maswali ziko 3: la kwanza na la pili, la kwanza na la tatu, la pili na la tatu. Kwa hiyo katika kila kikaratasi, jozi moja kati ya 3, angalau, itakubaliana. Kama fotoni zinabeba vikaratasi, na kama dada na kaka wanachagua kwa uhuru, basi katika michezo 1,200 ya maswali tofauti madaftari lazima yaoane mara 400 hivi, au zaidi. Chini ya hapo hapashukiki. Andika vikaratasi kwa ujanja wote ulio nao, mwite na fundi wa bahati nasibu akusaidie. 400 ndiyo sakafu.

Fizikia ya kwanta inasema wataoana mara 300.

Rudia hiyo kichwani kidogo. Kwanta inasema robo, na robo iko chini ya theluthi. Ugomvi wa Einstein na Bohr, ulioonekana kuwa wa ladha, umegeuka kuwa ugomvi wa 400 na 300, na huo unaamuliwa kwa kuhesabu.

Wamehesabu. John Clauser na Stuart Freedman walifanya jaribio la kwanza Berkeley, matokeo yakatoka mwaka 1972. Clauser mwenyewe alitarajia Einstein ashinde. Alain Aspect na wenzake wakafanya la kwao nje kidogo ya Paris mwaka 1982, wakigeuza maswali wakati fotoni ziko njiani. Mwaka 2015 vikundi vitatu, cha kwanza kikiwa cha Delft, Uholanzi, viliziba mianya iliyokuwa imebaki. Mwaka 2017 Wachina walitumia satelaiti kutuma fotoni zilizofungamana kwenye vituo viwili vilivyoachana kilomita 1,200. Majaribio haya si nakala ya mchezo wetu, ni ndugu zake, lakini hukumu ni moja kila mara: maumbile yako upande wa 300. Mwaka 2022 Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel. Bell hakuwapo kuliona hilo. Alifariki mwaka 1990.

Kwa hiyo mvua moja haitoshi. Maelezo ya chanzo kimoja kilichogawa mafungu, yale yanayotutosha kabisa kwa Nzeeu na Kaiti, hayatoshi kwa fotoni.

Niruhusu nitoke njiani kidogo, kwa sababu Geneva ina mtu wetu pia. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, aliongoza taasisi ya kiekumeni ya Bossey, nje kidogo ya Geneva, kuanzia 1974 hadi 1980, miaka ambayo Bell alikuwa CERN. Sidai kwamba walikunywa chai pamoja. Namtaja kwa sababu jina lake huvutwa ndani ya mazungumzo haya. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti aliandika kwamba matukio hutoka kwenye wakati tunaouishi yakazama kwenye wakati mkuu uliopita unaoyapokea yote, na wapo wanaosema kwa bashasha: unaona, huo ndio uga wa taarifa, Wakamba waliujua kabla ya kwanta! Nadhani hawakumsoma kwa makini. Mbiti alikuwa akieleza jinsi watu wanavyouelewa wakati, na hata hapo wanafalsafa wenzake Waafrika, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga. Tena ndani ya maelezo yake mna jambo linaloelekea upande mwingine kabisa. Alisema marehemu hubaki karibu nasi maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho anayemkumbuka, marehemu naye huzama. Huko kumbukumbu ina mchukuzi. Haielei hewani. Na Rolf Landauer, mwanafizikia wa kampuni ya IBM, alisisitiza kwamba taarifa yoyote lazima ikae juu ya kitu, na mwaka 1961 alionyesha kwamba kufuta hata chembe moja ya taarifa kunagharimu joto. Wafaransa walilipima joto hilo maabara mwaka 2012. Mtu akikuambia kuna taarifa, muulize imeandikwa juu ya nini.

Turudi Geneva ile ya fizikia. Nicolas Gisin na wenzake walichukua faiba za simu zilizokuwa tayari ardhini, wakapeleka fotoni kwenye vijiji viwili vilivyo pande mbili za mji, Bellevue na Bernex, kilomita karibu 11 kutoka kimoja hadi kingine. Matokeo yakatoka mwaka 1998: mfungamano haukulegea. Miaka 10 baadaye kikundi hicho kiliuliza swali linaloigusa mada yetu moja kwa moja. Tuseme uga upo, nao unapeleka habari kwa siri kutoka fotoni hii hadi ile. Unakimbia kwa kasi gani? Walipima kati ya vijiji vya Satigny na Jussy, kilomita 18, kwa zaidi ya saa 24 ili mzunguko wa dunia nao uhesabiwe, wakapata kwamba habari hiyo ya siri, kama ipo, ingelazimika kukimbia zaidi ya mara 10,000 ya kasi ya mwanga. Mwaka 2012 wananadharia, Gisin akiwa miongoni mwao, wakaongeza msumari: kasi yoyote yenye kikomo, hata uipandishe vipi, hatimaye ingefungua njia ya watu kutumiana ujumbe kwa haraka kuliko kasi ya mwanga. Maana yake uga unaosambaa kutoka hapa hadi pale kama mawimbi ya redio hii unayoisikiliza umebanwa kwenye kona mbaya sana.

Nini kimebaki basi? Viko vitu viwili ninavyoona vinastahili dakika zetu. Kimoja ni Bohm mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukubali kulipa. Uga wake hausafiri kutoka fotoni hadi fotoni. Ni mmoja kwa zote mbili tangu mwanzo, katika vile vipimo 6. Bell hakumwangusha. Bell alimpenda Bohm maisha yake yote, na alilalamika kwamba wanafunzi hawafundishwi habari zake. Kingine ni wazo ambalo Gerard 't Hooft wa Uholanzi, aliyepata Nobel mwaka 1999, analitetea: pengine dada wa Kitui na kaka wa Wote hawakuchagua kwa uhuru. Chaguo lao na vikaratasi vya fotoni vilipangwa pamoja tangu asili ya ulimwengu, kwa hiyo hesabu yangu ya 400 inaporomoka. Kimantiki hakuna kosa. Lakini mwaka 2018 kikundi cha Zeilinger, kwa darubini zilizoko Visiwa vya Canary, kiliacha maswali yachaguliwe na mwanga uliotoka mbinguni mbali mno, ulioanza safari zaidi ya miaka bilioni 7 iliyopita, na bado mambo yakawa yale yale. Anayetaka kushikilia kwamba yote yalipangwa, aseme yalipangwa kabla ya hapo. Anaweza. Mimi naona ni kununua kisima kwa bei ya kaunti nzima.

John Wheeler, Mmarekani, alikwenda mbali kuliko wote mwaka 1989 aliposema kwamba kila kitu kilichopo kinatokana na majibu ya ndiyo na la, taarifa ikiwa ndiyo mama na maada ikiwa mtoto. Ni wazo zuri la kuota nalo. Hadi leo halijatoa hesabu moja ambayo maabara ingeweza kuikamata ikidanganya.

Sasa tufike kwenye hema la siku ya soko, kwani nilikuahidi kufungua kifurushi. Umeiona ile mashine: unashika kijiti cha chuma mkononi, unangoja dakika moja hivi, kisha kompyuta inachapa kurasa kuhusu ini lako, figo zako, kongosho na mifupa, na mwisho wa kurasa kuna chupa za dawa za kununua. Ukiuliza inajuaje, unaambiwa ni kwanta. Rudi kwenye daftari la dada wa Kitui, msikilizaji. Tulilitazama likiwa kando ya lile la Wote. Litazame likiwa peke yake. Lina ndiyo na la, nusu kwa nusu, kama sarafu inayorushwa, na linabaki hivyo hata kaka afanye nini kule Wote. Ageuze kioo, akivunje, aende zake kulala. Dada hawezi kujua lolote kwa kulitazama daftari lake tu. Mwoano unaonekana pale wanapokutana, au mmoja anapompigia mwenzake simu, na simu haikimbii kuliko mwanga. Huo si udhaifu wa vifaa. Ndivyo hesabu ya kwanta yenyewe ilivyo, na ndivyo hata ile ya Bohm inavyotoa. Mfungamano haupeleki ujumbe. Hauwezi kuleta habari za ini lako kwenye kompyuta ya mtu, wala kupeleka uponyaji kutoka Nairobi hadi Kyuso. Kilicho cha kwanta katika mashine ile ni vipande vya silikoni vilivyo ndani ya kompyuta, sawa na vilivyo ndani ya simu yako, na kijiti kile hakipimi zaidi ya jinsi ngozi ya kiganja inavyopitisha umeme. Tone la damu kwenye zahanati ya serikali linajua mengi zaidi kuhusu sukari yako.

Na nisisikike nikimtukana mundu mue, mganga wa Wakamba. Mtu yule wa zamani, aliyetikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu na kuzihesabu, alijua ugomvi wa kila boma, na watu walimwendea ili shida ipate jina na hatua ya kuchukua. Hakuhitaji cheti kutoka Geneva. Anayetaka kumtetea leo amtetee kwa kazi aliyoifanya. Kumvika koti la kwanta ni kumpa kosa ambalo hakulifanya.

Swali letu lenyewe bado liko wazi, na kuna mlango mmoja ambao ningependa uujue. Nilisema Bohm na kwanta ya kawaida wanatoa majibu yale yale. Hilo ni kweli kwa sharti moja, kwamba chembe zimekwisha kutawanyika ndani ya uga kwa uwiano fulani uliotulia. Antony Valentini, mwanafizikia aliyeanza kulifuatilia jambo hili mwaka 1991, anauliza: je, kama uwiano huo haukuwapo tangu mwanzo? Kama ulimwengu ulianza bila kutulia, ukatulia baadaye, basi katika zile nyakati za kwanza kabisa kanuni za uwezekano za kwanta hazikufuatwa sawasawa, na kasoro hiyo ingeacha alama kwenye mnururisho hafifu uliobaki angani tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Mnururisho huo umechorwa ramani na satelaiti ya Ulaya iitwayo Planck. Katika madoa makubwa ya ramani ile kuna upungufu mdogo wa nguvu, wa aina ambayo wazo la Valentini lingeweza kuueleza, na pia wa aina ambayo bahati tupu ingeweza kuuleta. Tatizo ni kwamba madoa makubwa ni machache, na anga tunayoweza kuipima ni moja. Kwa sasa data hazitoshi kuamua, na wanaoishughulikia kazi hiyo wanatafuta alama nyingine katika ramani hiyo hiyo, katika ukubwa wa madoa ambapo bahati ina nafasi ndogo ya kuwadanganya.